Ukili na Nailoni: Safari Yetu ya Lamu na Siyu

Katika likizo ya chuo iliyopita tulikwenda Lamu, na kutoka Lamu tukavuka hadi Siyu katika kisiwa cha Pate, kwa kuitika mwaliko wa mwalimu mwenzetu wa huko. Khabari za misikiti na magofu ya visiwa hivyo zimekwisha kuandikwa na watu wajuao kuliko sisi, wala hatuna haja ya kuzikariri. Twataka kukuelezeni jambo dogo tulilolikuta huko, ambalo lahusu kila nyumba yenye mkeka wa kulalia, msala wa kusalia, na takataka za plastiki nyuma ya jiko.

Asafiriye kwa barabara huiacha gari Mokowe, akapanda mashua kwa mwendo mfupi, na mji wa Lamu ukamtokea mbele yake: majumba ya mawe yaliyosongamana, majahazi yaliyotia nanga, na punda wakingoja mizigo gatini. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa ulimwengu, nao wastahiki heshima hiyo. Lakini maji yakipwa, ufuo huyafichua yale ambayo maji yakijaa huyafunika. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, tulitembea ufuoni tukaona chupa, vifuniko, kamba za nailoni zilizochakaa, vipande vya nyavu, na ndara za mpira ambazo wengine huziita malapa au kandambili. Ndara hizo zilikuwa za kila rangi na kila kimo, na aghalabu kila moja ilikuwa imepoteza mwenzake.

Si kwamba wakubwa wamelala. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo zimefaa, na mtu aliyeyajua masoko yetu zamani aona tofauti. Lakini bahari haina forodha. Kaskazi huleta yake na kusi huleta yake, na mwenye kuketi ufuoni hupokea asichokinunua.

Watu wa Lamu hawakukaa wakitazama tu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake waliunda chombo cha tanga chenye urefu wa mita 9 kwa plastiki iliyokusanywa, ipatayo tani 10, kisha wakakivika ubavuni vipande vya ndara zipatazo 30,000. Kazi yao hujulikana kwa jina la Flipflopi. Mapema mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Wengi wamestaajabu kuona plastiki ikielea na kwenda safari. Sisi tulistaajabia zaidi ule ubavu wake. Vile vipande vya buluu, vyekundu, vya manjano na vya kijani vimepangwa bega kwa bega kama nguo ya viraka. Tukasema nafsini mwetu: hii ni kazi ya fundi wa vyombo, lakini fikra yake ni ya mwanamke aliyeshika sindano.

Wala fikra hiyo si ngeni katika pwani yetu. Vijana wetu huenda hawajui kwamba leso, ambayo wengine huiita kanga, nayo ilizaliwa kwa kuungwa vipande. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vilivyotoka ng'ambo, vikiuzwa katika jora kabla ya kukatwa. Wakavikata na kuviunga sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, ikawa nguo moja ya kujifunga. Jina lenyewe, leso, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Baadaye wafanya biashara wakaanza kuchapa nguo nzima kwa mfano ule walioubuni wanawake. Katika hao ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla yajulikana mpaka leo. Nguo zikatiwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kilatini, na leso ikawa na ulimi wa kupongeza, kuonya, kuaga na kuomba radhi.

Tazameni basi jinsi jambo lilivyokuwa. Kitu kilifika kutoka baharini kikiwa bidhaa tu, hakimjui mtu wala mtu hakijui. Mikono ikakikata, ikakiunga, ikakitia neno, na leo hakuna mama wa pwani asiyekuwa na leso moja aliyoiweka chini kabisa ya sanduku kwa sababu ya yule aliyempa. Kwa hiyo swali lililotushughulisha safarini ni hili: je, plastiki hii iletwayo na maji yaweza nayo kufanyiwa vivyo hivyo? Au itabaki takataka milele, hata ikishonwa namna gani?

Jawabu tuliipata Siyu, na haikutoka katika kiwanda wala katika maonyesho.

Mtu wa Lamu aendaye Siyu hupanda mashua mpaka Mtangawanda, kisha hufuata njia ya nchi kavu. Siyu ni mji wenye ngome ya kale, na tangu zamani wasifika kwa mafundi wake, khasa wa viatu vya ngozi na wa kazi za mikono. Wanawake wa visiwa hivi wamekuwa wakisuka tangu zama za mababu. Mkindu hutoa ukindu wa kazi laini, na mkoma hutoa miyaa ya kazi ngumu kama majamvi na makanda. Majani huchanwa, huanikwa, hutiwa rangi, hutiwa maji yalainike, kisha husukwa ukili mrefu kama mshipi. Ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukatimia. Rangi nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa, na ya manjano katika bizari, kabla ya kuja rangi za dukani.

Mtoto wa pwani hulazwa juu ya mkeka siku alizaliwapo, bibi arusi hutandikiwa mkeka, msala husaliwa juu yake mara tano, na mwisho mkeka hutandikwa chini ya maiti. Kazi hii basi yaufuata umri wote wa mtu.

Siku hizi mikeka ya plastiki ya kiwandani imejaa kila duka. Sisi hatuilaumu, ni myepesi, bei yake ni nafuu, na ikichafuka huoshwa. Lakini ina mambo mawili. La kwanza, ikipigwa na jua muda mrefu hukatika-katika, wala haina mtu ajuaye kuitengeneza, basi hutupwa au huchomwa moto, na moshi wake huingia vifuani mwa watoto. La pili, msichana akitandika mkeka huo hana alichojifunza, wala hajui ni nani aliyeusuka.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwa shangazi yake, mtu mzima ambaye mumewe alikuwa mvuvi wa jarife na amekwisha kufariki. Tuliketi dakani, naye akaketi ndani ya kizingiti pamoja na mkaza mwanawe na mjukuu wake, msichana aliyekwisha kuposwa na ambaye ataolewa Mombasa.

"Masalkheri, Bibi," tukasema.

"Masalkheri, Maalim. Karibuni. Nyumba ni yenu."

Mbele yake palikuwa na msala uliokaribia kumalizika. Ukindu wake ulikuwa mweupe wenye mistari myeusi, na ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani uliotushangaza, maana haukuwa uzi wa ukindu wala wa pamba. Tukamwuliza ni uzi gani. Akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Hilo ni jarife la marehemu."

Khabari yake ni hii. Mzee yule alipofariki, jarife lake lilibaki uani, limerundikwa chini ya mti. Lilikuwa bovu, halifai tena kutegwa wala kuuzwa. Wanawe wakataka kulichoma moto. Jirani mmoja akashauri litupwe baharini, jambo ambalo lingekuwa ovu zaidi, kwa sababu wavu wa nailoni uliotupwa huendelea kunasa samaki na kasa pasipo mtu wa kuwatoa. Bibi akakataa yote mawili. Alikuwa katika eda, miezi 4 na siku 10, hatoki nyumbani. Akaomba aletewe jarife ndani. Akalilowesha kwa maji baridi ya kisima mara tatu mpaka chumvi ikatoka, kisha kila siku baada ya sala ya adhuhuri akawa akifungua vifundo kimoja kimoja kwa msumari. Matundu ya jarife ni mapana, kwa hiyo vifundo vyake si vingi kama vya nyavu za dagaa, na uzi wake hutoka mrefu. Hata hivyo kazi ilikuwa nzito, vidole vikamchubuka.

"Kila kifundo alikifunga yeye au alikitengeneza yeye," akatwambia. "Nilikuwa nikifungua nikimwombea."

Hapo tulinyamaza. Tulilikumbuka fumbo lililomo katika Suratun Nahl la mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mwanamke huyo hulaumiwa kwa kuharibu alichokijenga. Bibi huyu naye alifumua, lakini alifumua ili aunge.

Tukamwomba atweleze ufundi wake, maana tulitaka kuwaletea wasomaji jambo la kutenda, si la kustaajabia tu. Akasema hivi, nasi twaandika kwa ufupi. Ukindu husukwa ukiwa na unyevu, na ukikauka hupungua na kujikaza. Nailoni haijikazi pamoja nao. Mwanzo alijaribu kuisuka nailoni ndani ya ukili wenyewe, na ukili ukapinda kama njia ya nyoka. Akaufumua. Ndipo alipojua kwamba nailoni mahali pake ni kushonea na kutia pindo, na ukindu mahali pake ni kubeba. Tena si kila uzi wafaa: ule uliokaa juu ya rundo ukipigwa na jua ulikuwa umeoza ndani, ukivutwa wakatika. Kila uzi aliuvuta kwa nguvu kabla ya kuutia sindanoni, na uliokatika aliuweka kando.

Lakini jambo hilo halikupita bila ya maneno nyumbani. Mkaza mwana, ambaye ndiye mama wa bibi arusi, alikuwa haridhiki, na kwa adabu alitweleza sababu zake. "Maalim, binti yangu aenda kwa watu. Wakifungua vyombo vyake wakaona msala umeshonwa kwa wavu, watasema tumeokota jaani. Dukani kuna mazulia mazuri." Hatukuona neno lake kuwa la upuuzi. Mama yeyote hutaka binti yake asidharauliwe, na dharau ya watu huuma. Kisha akauliza lililo zito zaidi: je, msala wenye uzi wa wavu wafaa kusaliwa?

Kwa hili la mwisho tulijibu tunalolijua. Uzi ule ulitumika kuvulia samaki, na samaki ni safi hata akifa, tena ulioshwa, hauna najisi. Plastiki iliyookotwa jaani penye uchafu nayo sharti ioshwe mpaka dalili ya uchafu iondoke, kama nguo ioshwavyo, kisha haina tatizo. Ama kuhusu unyonge wa msala, imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik kwamba bibi yake, Mulayka, alimwalika Mtume (S.A.W.) kwa chakula. Alipokwisha kula alitaka kuwasalisha, na mkeka wao ulikuwa umekuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi. Anas akaunyunyizia maji, na Mtume akasimama juu yake akasali. Hakuna aliyeona haya katika nyumba ile kwa ule weusi.

Kuhusu maneno ya watu hatukuwa na fatwa. Yalijibiwa na msichana mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote. Bibi alikuwa amekusudia kuuficha uzi wa kijani kwa kuufunika na ukindu mweusi mwishoni, ili kuzima maneno ya nyumbani. Msichana akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, usiufunike. Pindo liache lionekane. Ukiufunika, nitakuwa na msala tu." Mama yake akamtazama, hakusema kitu. Hatuwezi kukwambieni kwamba aliridhika, kwa sababu hatukuona hivyo. Tuliona tu kwamba aliondoka akaenda ndani, akarudi na mkasi, akaanza kukata ncha za ukindu zilizotokeza.

Macho ya Bibi yamedhoofika, na pindo hilo hakuweza kulimaliza peke yake. Mjukuu ambaye hapo kwanza hakujua hata kushika ukili alikuwa amejifunza kwa sababu ya jarife la babu yake. Hili ndilo tulilolitia moyoni. Mkeka wa dukani ungaliletwa, ufundi wa nyumba ile ungekwisha siku ambayo Bibi angeiweka sindano chini.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Katika nchi ya Gambia, upande wa Afrika Magharibi ambako Waislamu ndio wengi, kuna kijiji kiitwacho Njau. Mifuko ya plastiki ilikuwa imezagaa huko, mbuzi wakiila na kufa, na watu wakiichoma wakivuta moshi wake. Mwaka 1997 mwanamke aitwaye Isatou Ceesay na wenzake wachache walianza kuiokota mifuko hiyo, wakaiosha, wakaianika, wakaikata nyuzi ndefu, na kuifuma kwa sindano ya kulabu kuwa vibeti vya fedha. Mwanzoni walichekwa. Lakini wanawake walipoanza kupata senti zao kwa kazi ile, kicheko kilipungua, na kazi ikaenea katika vijiji vingine. Mwaka 2015 nchi hiyo nayo ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Nguvu yao ilikuwa ile ile tuliyoiona Siyu: walichukua ufundi ambao mikono ya wanawake ilikuwa nao tayari, wakautia kitu kilichokuwa kikiwadhuru.

Hata hivyo hatutaki mtu atudhanie kwamba twasema sindano itaisafisha bahari. Wataalamu waliofanya hesabu waliandika mwaka 2017 kwamba tangu plastiki ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mpaka mwaka 2015, ulimwengu ulikuwa umetengeneza tani zipatazo bilioni 8.3, na katika zilizokwisha kuwa taka, ni kiasi cha sehemu 9 katika 100 tu zilizotengenezwa upya. Misala mingapi itashonwa ili kuumaliza mlima huo? Anayenunua plastiki ovyo akisema ataisuka kesho ni kama mtu anayemwaga maji kwa ndoo na kuyafuta kwa leso. Israfu ni israfu hata ikitiwa pindo zuri. La kwanza ni kupunguza tunachokinunua; la pili ni kutumia mpaka kiishe; na kazi ya mikono ni ya yale yaliyokwisha kuwa mikononi mwetu.

Tena si kila kitu kilichosukwa kwa plastiki kina maana. Tumeona sokoni vitu vilivyotengenezwa kwa taka kwa haraka ili vimfurahishe mgeni siku moja, na baada ya mwezi vikarudi jaani vilikotoka. Tofauti yake na msala wa Siyu si uzuri wa rangi. Msala ule una mtu uliyetoka kwake na una mtu uendao kwake. Kitu cha namna hiyo hakitupwi. Kikichanika hushonwa, na kikichakaa hukabidhiwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuibakisha plastiki isirudi baharini, na aitie katika kitu ambacho mtu ataona uchungu kukitupa.

Kwa akina mama na vijana wetu twatoa shauri hili dogo. Tazameni nyumbani kwenu kabla ya kwenda dukani. Kamba ya kitanda iliyokatika, mikanda ya plastiki inayofungia makasha ya bidhaa, wavu wa babu, gunia la nailoni lililofumuka, vyote hivi vina uzi ndani yake. Vioshwe vizuri, uzi ujaribiwe kwa kuvutwa, na usichomwe moto hata kipande. Kikapu cha sokoni chaweza kusukwa chote kwa mikanda ile, maana ni imara na haiogopi maji. Mkeka na msala na ubebwe na ukindu, na nailoni iwe mtumishi wake. Na muhimu kuliko yote, kazi hiyo isifanywe na mtu mmoja peke yake. Mwenye umri asuke na asiyejua akae karibu yake, hata kama atasuka vibaya siku ya kwanza na ya pili na ya tatu.

Katika chuo chetu, tangu turudi, tumetenga saa moja kila Alkhamisi baada ya alasiri. Bibi wawili wa mtaani wamekubali kuja kuwafundisha wasichana, na wavulana wameomba nao waingie, kwa sababu mmoja wao aliuliza ni nani aliyesema kwamba mvulana hatakiwi kujua kushona msala wake. Hatukuwa na jawabu la kumzuia. Tukamkumbusha kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alitaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Ukili wa kwanza wa watoto hao umepinda, lakini ni mrefu wa dhiraa mbili, nao waendelea.